Yes Yangu

Mama yangu hajui kuuliza swali bila kulikanusha kwanza. Ukiingia kwetu Waithaka utaulizwa, "Hujala?" Useme "eeh", naye atakupakulia sahani ya muthokoi, mahindi na maharagwe, maana umekubali kwamba hujala. "Hujaanua nguo?" Eeh, na atatoka kuzianua mwenyewe huku amenuna. Nimelelewa hivyo, na hadi nilipofika mwaka wa pili wa kusomea kompyuta sikujua kwamba eeh ya kwetu inaweza kumfukuzisha mtu chuo.

Mwaka huo, 2006, tulikuwa na somo la mantiki. Wenzangu wengi walilichukia. Walikuja chuoni kuandika programu, wakakuta ubao umejaa herufi na mishale, kama hili basi lile, na mhadhiri wetu, Daktari Gichuru, akiwaambia kwamba asiyejua kufikiri kwa mpangilio hawezi kuiamrisha mashine. Mimi nililipenda kupita kiasi. Tangu utotoni, nyumbani na kanisani, nilikuwa naambiwa nina mdomo. Hapa nilipata mahali ambapo mdomo una sheria zake, na ukizifuata unashinda, hata kama ni msichana wa Waithaka na viatu vyako ni vya mtumba.

Nilikuwa nasoma na rafiki yangu Dan Njuguna kwenye veranda ya kwao, Mountain View. Tulikuwa tumenunua kitabu cha zamani cha mantiki mjini, katika zile bookshop za kuinama, ambapo vitabu vimetandazwa juu ya magunia kando ya barabara na mteja lazima apinde mgongo. Humo tulikuta njia moja tamu sana: ukitaka kuthibitisha jambo, anza kwa kudai kwamba si kweli, kisha lifuate dai hilo mpaka lijipinge lenyewe. Daktari alikuwa hajaifundisha. Mtihani ulipofika, mimi na Dan tulikuwa tumeketi madawati ya jirani, na sote tuliitumia njia hiyo kwa swali lile lile, hatua kwa hatua.

Basi tukashtakiwa kunakiliana, tukaitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Habari zilikuwa wazi: atakayeomba msamaha atarudia mtihani tu, yaishe. Atakayekana, kisha apatikane na hatia, atasimamishwa masomo mwaka mzima.

"Mbithe, wachana na hii maneno," Dan aliniambia nje ya mlango. "Sema tu sorry, turudie pepa, tuishie."

"Sorry ya nini? Uliniangalizia?"

"Zii. Lakini hawa watu hawataki story mob, hawataki maneno mengi."

"Basi mimi niko na story mob."

"Aki wewe ni kichwa ngumu."

Aliitwa kwanza, na hakukawia kutoka. "Nimesema sorry," akaniambia akitazama sakafu. "Sijasema ya nini. Na sijakutaja." Nilimpenda Dan, lakini siku hiyo nilitamani kumzaba kofi.

Mle ndani walikuwa watatu. Profesa Nakhumicha, mama wa makamo mwenye sauti ya kukatiza watu, ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Daktari Gichuru alikuwa mshtaki. Pembeni aliketi Carolyne, karani wa kamati, aliyekuwa akiandika kila kilichosemwa. Kikao kiliendeshwa kwa Kiingereza. Nakisimulia kwa Kiswahili, isipokuwa neno moja, kwa sababu ndilo lililotaka kunimaliza.

"Njia hii sikuifundisha," daktari alisema. "Wawili waliokaa karibu wameitumia. Wanafunzi wakinakiliana, majibu yao hufanana. Haya yamefanana."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Yeye mwenyewe alikuwa ametufundisha kwamba mvua ikinyesha ardhi hulowa, ila ardhi ikiwa imelowa huwezi kusema mvua imenyesha. Pengine kuna mtu amemwaga maji. Nikafungua mdomo nimrudishie somo lake. Profesa akanitangulia.

"Kwa hivyo wewe hukunakili kutoka kwa mwenzako?"

"Yes," nikasema.

Profesa akavua miwani. "Amekiri," akamwambia Carolyne. "Andika."

"Sijakiri, profesa."

"Umesema yes."

"Yes, sikunakili."

"Kama hukunakili, ungesema no. Uko chuo kikuu na hujui kujibu swali la Kiingereza?"

Daktari Gichuru akatabasamu kidogo, na tabasamu hilo ndilo lililonipandisha hasira. Ningeweza kusema samahani, Kiingereza kimenipotosha. Nililiona neno hilo likingojewa mezani. Lakini kwa nini niombe msamaha na sikuwa nimekosea?

"Daktari," nikasema, "ulitufundisha kwamba kauli ya kukanusha ni kauli kamili, na inaweza kuwa kweli au uongo. Profesa ameniwekea kauli: mimi sikunakili. Nimeipima, nikaona ni kweli, nikasema yes. Kama Kiingereza kinanitaka niseme no kwa jambo la kweli, kosa ni la Kiingereza."

Tabasamu la daktari likapotea.

"Hapa si darasani," profesa akasema. "Kilichoandikwa kimeandikwa."

"Sawa. Basi naomba kuuliza swali moja, nalo liandikwe."

Akanipungia mkono niulize. Nikamtazama usoni.

"Nyinyi hamkuwa mmeamua kunihukumu kabla sijaingia humu?"

"Yes," profesa akajibu papo hapo, kwa ukali wa mtu aliyetukanwa. "Yes, kabisa."

Nikamgeukia Carolyne. "Andika."

Carolyne alishikilia kalamu juu ya karatasi, akamwangalia profesa, akauma mdomo ili asicheke. Daktari Gichuru alikuwa amejishika paji la uso. Profesa mwenyewe ndiye aliyechelewa kuelewa, na alipoelewa nilimwona akirudia swali langu kimoyomoyo, midomo ikicheza.

"Futa hiyo," akasema hatimaye.

"Na yangu," nikasema.

Alinikazia macho muda mrefu. Nami sikuyashusha yangu.

"Futa zote mbili," akasema.

Sikungoja apoe. Nikamwomba daktari anipe swali jipya, pale pale, gumu atakavyo, na hapakuwa na dawati la jirani. Alikwangua kitu kwenye karatasi akanisukumia. Nililifanya nikiwa nimesimama, kwa kalamu ya Carolyne, nikianza kwa kudai kwamba jibu si kweli na kulifuata dai hilo mpaka likajipinga. Daktari alilisoma mara mbili. "Ni yake," akasema, na nilijua ilimuuma kusema.

Nilitolewa nje, nikaitwa tena, nikaambiwa hatia haikuthibitishwa. Dan alirudia mtihani kwa sababu ya sorry ambayo mpaka leo hakuna anayejua ilikuwa ya nini. Nilimwambia arudi aikane. Akasema ameshazoea, pepa ni pepa. Bado jambo hilo linaniudhi, na nikikutana naye mjini humwambia hivyo, yeye hucheka.

Jioni nilimkuta mama jikoni, amenipa mgongo. Alikuwa amejua kuhusu kamati tangu wiki iliyopita na hakuwa ameitaja hata mara moja. Aliendelea kukoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa.

"Hawajakufukuza?" akauliza.

"Eeh," nikasema.

Mwiko ukasimama. Alijifuta macho kwa ncha ya leso, akashusha sahani kutoka rafuni.

"Na hujala."

"Eeh, mama."

Akanipakulia.