Chupa Niliyoiacha Itulie

Kazi yangu kwenye mtambo wa maji ilikuwa kufagia na, kila asubuhi, kushuka ngazi hadi mtoni kujaza chupa moja. Chupa hiyo nilimpelekea mpimaji, mzee ambaye sote tulimwita Babu Glasi. Aliyagawa maji kwenye glasi sita, akatia shabu ya kusafishia maji, kidogo hapa, zaidi pale, akakoroga, akangoja aone ni kiasi gani kinashusha matope. Kiasi hicho ndicho kilichotiwa siku hiyo kwenye maji ya mji mzima. Mwenyewe hakushuka mtoni. Magoti yake yalishagombana na ngazi.

Wiki yangu ya tatu, mvua ilinyesha huko juu. Maji yakaja mazito, rangi ya matofali. Niliitazama ile chupa nikaona haya. Shule niliachia darasa la nne, lakini nyumbani nilifunzwa kwamba mtu mzima humpelekei maji ya namna hiyo. Nikaiweka chupa juu ya ukuta, nikafagia uwanja wote. Matope yalipokaa chini, nikamimina yale ya juu taratibu kwenye chupa nyingine. Nikampa kwa mikono miwili.

"Kumbe mto leo umeoga," Babu alisema, akacheka. Akaandika kiasi kidogo cha shabu. Nami nikafurahi kimoyomoyo.

Jioni nilimkuta shangazi uani, amesimama mbele ya mashuka yake meupe. Yalikuwa na rangi ya kutu.

"Njoo uone kazi ya wenzako," aliniambia. "Huko mnasafisha maji au mnalala?"

"Muache mtoto wa watu," jirani akadakia. "Huyo kazi yake ufagio."

Wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshaelewa. Maji yangu yaliyotulia ndiyo yaliyomfanya Babu aandike shabu kidogo.

Asubuhi nilimkuta mkuu wa mtambo kwenye chumba cha vipimo.

"Mzee, mji mzima umefungua mabomba ukapata tope," alikuwa akisema. "Macho yako yamechoka. Nitatafuta mtu mwingine."

Babu alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Akazitazama glasi zake kana kwamba zingemtetea. "Labda," akasema. "Labda ni macho."

Hiyo "labda" ilinichoma.

"Ni mimi," nikasema, nimeushika ufagio.

"Nini?" mkuu akauliza. Sauti yangu haikuwa imemfikia. Ikabidi niseme tena, na safari hii niseme yote: ukuta, uwanja, chupa ya pili. "Niliona aibu kumpa maji machafu."

Mkuu alinisogelea. "Watu wamefulia tope kwa sababu ya adabu yako?"

 Mkuu akamgeukia Babu, akasema, "Basi endelea na kazi, mzee," akatoka. Hakumwomba radhi.

Babu alinipa chupa tupu. "Mwanangu, mimi siyanywi. Nayapima tu. Niletee yalivyo." Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia.

Nilishuka, nikajaza, nikapanda mbio huku nikiitikisa chupa ili isitulie.

Jioni nilimnyang'anya shangazi beseni, nikaanza kuyafua mashuka upya.

"Leo nani kakutuma?" akauliza.

Niliinama juu ya povu, nikamwambia.