Ndege wa Tisa

Lugha za kigeni nilijifunza kwenye karatasi za maelezo ya cherehani. Miaka thelathini na nane ya kutengeneza mashine mbovu, kila boksi na karatasi ya lugha tano, mwisho nikawa naota kwa ile ya tatu. Ndiyo maana binti wa makumbusho alinikabidhi ndege tisa wa baharini waliokaushwa, niwaandikie majina yetu chini ya yale ya kigeni.

"Usiniandikie shakwe kote, babu. Kamusi imeshatutia aibu hiyo, kila ndege wa bahari kumwita shakwe," akanionya.

Nikakaa mbele ya kabati la vioo. Jua la mchana lilielea humo kama maji, na ndege nao kama wanaelea. Nikipatia jina, ndege ananikonyeza. Usinicheke, nilikuwepo. Shakwe alikonyeza. Mnandi alikonyeza macho yote mawili, maana wale wana maringo.

Wa tisa alikuwa mweupe, mdogo, mkia wa panda mbili, kichwa cheusi. Nikaandika bila kufikiri: Bibi Kilemba. Akanipa mgongo.

"Jina hili umelitoa wapi?" binti akauliza.

"Kwa watu wote."

"Basi niletee watatu, wa nyumba tatu, waseme bila kudokezwa. Ndiyo sheria yetu."

Nikaenda na picha. Kinyozi: "Buabua." Muuza samaki: "Buabua, babu. Miwani umempa nani?" Fundi viatu nilimhonga sigara aseme Bibi Kilemba. Akaivuta mpaka mwisho, akasema buabua.

Nikarudi na picha yangu. Jina la Bibi Kilemba alilisema mama, tukalisema mimi na dada, na kumbe hakuna mwingine duniani. Mama hakutuachia hata picha. Na dada, ambaye magoti yamemfunga kitandani, nilikuwa nimeshamwahidi kwamba neno la mama litakaa kwenye kioo, watu walisome.

Ningeweza kuandika uongo. Uongo ni kazi yangu ya uzeeni. Lakini ndege alikuwa bado kanipa mgongo. Nikaandika Buabua, akageuka taratibu, akakonyeza.

Nyumbani nikamwambia dada ukweli.

"We mtoto," akasema, na mimi nina miaka sabini na moja, "ulikuwa unalilia kilemba cha mama. Akakuonyesha ndege, akasema yule naye anacho, mbona hakuna anayekililia. Ukanyamaza. Tangu siku hiyo hatukuthubutu kumwita ndege yule vingine, usije ukalia tena."

"Basi nimekuvunjia ahadi."

"Nipeleke nikamwone."

Nikamkodia kiti cha magurudumu. Akasoma Buabua, akaitikia kwa kichwa: ni kweli. Kisha akainama, mdomo karibu na kioo, akamwita jina letu. Ukungu wa pumzi ukabaki pale, mviringo.

Ndege akashusha kichwa, kama mtu anayerekebisha kilemba.

"Ni feni, babu," binti akasema.

Feni ilikuwa imezimwa. Dada akaniomba nisimbishie mtoto wa watu.