Video ya Lonappan

Porinju wa Thrissur, kusini mwa India, hagusi kipanya. Kipanya, husema, ni cha watu wanaoogopa kompyuta zao wenyewe. Yeye hufungua dirisha jeusi lisilo na picha hata moja, akaandika amri zake kwa vidole viwili huku kakunja uso, na mkewe Rosily hupita akisema, "Haya, mganga kaanza."

Siku ya kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu baba mkwe wake Lonappan afariki, mganga alipatikana.

Jamaa walikuwa makaburini na padri. Wakirudi wangekula muhogo na nyama ya ng'ombe, kisha mama mkwe, Kochuthresia, aliyebaki jikoni, angeonyeshwa video pekee ya mumewe, ile aliyochukuliwa kabla ya kupiga tarumbeta na bendi ya parokia. Porinju ndiye aliyeichukua. Ndiye aliyeihamishia kwenye diski ya nje wiki iliyopita. Na ndiye, Mungu amsamehe, aliyefuta kadi ya kamera palepale ili apate nafasi ya kulipiga picha fenesi lake.

Sasa alichomeka diski. Kwenye lile dirisha jeusi kuchomeka tu hakutoshi, lazima uichagulie diski folda na kuipachika hapo, ndipo uone vilivyomo. Akaipachika. Akaiamuru kompyuta iorodheshe vitu. Haikuorodhesha chochote.

"Si ulisema imenakili haraka kuliko umeme?" Rosily akauliza.

"Diski nzuri hii."

"Nzuri kama chungu kisicho na mchuzi. Mbio za sakafuni hizo, mume wangu."

Akaibandua, akaichomoa, akaichomeka, akaipachika tena. Tupu. Jasho likamtoka hadi kwenye kope. Kochuthresia akatokea mlangoni, mwiko mkononi.

"Mkwe, kiti nikiweke wapi nimwone vizuri?"

"Mama..." Porinju akaanza. "Mama, nimempoteza baba."

"Baba nimemzika mwenyewe. Wewe umepoteza nini?"

"Video. Na kadi nimeifuta."

Kochuthresia alikaa kwenye kile kiti. Laiti angemrushia mwiko! Hakumrushia. "Mwaka mzima najiambia, leo nitaisikia sauti yake," akasema polepole. "Nimeanza kuisahau, Porinju. Haya, liondoe hilo dude lako mezani, sitaki kuliona."

Porinju alitamani ardhi ipasuke immeze na kibodi yake. Akaandika amri ya kuibandua diski, akaichomoa, akamkabidhi Rosily. Kisha, kwa mazoea tu, kama mtu anayejipapasa mfuko anaojua umetoboka, akaiorodhesha tena ile folda iliyobaki.

Video ilikuwemo.

Akapiga yowe, jirani akachungulia. Kumbe wiki iliyopita amri ya kupachika ilikataa! Kompyuta ilimwambia wazi, mstari mzima, ila bwana mkubwa alikuwa anamtambia mkewe habari za kipanya na hakusoma. Video haikuigusa diski. Ilitua ndani ya folda tupu ya kompyuta yenyewe, na leo kila alipoipachika diski juu ya folda ileile, aliifunika video kama mtu anayetandika mkeka juu ya sarafu kisha anaitafuta juu ya mkeka. Mjuzi huyo.

"Mama, yumo! Baba yumo!"

Jamaa waliporudi na padri walimkuta Kochuthresia kaisogeza pua karibu na kioo. Lonappan alikuwa anafuta tarumbeta kwa pindo la shuka yake. Akainua macho, akaikodolea kamera.

"We Porinju, umeiwasha hiyo? Hakikisha! Wewe kazi yako domo, kutazama hutazami."

Watu wakaangua kicheko, padri akiwa wa kwanza. Porinju akainamisha kichwa. Kochuthresia alicheka mpaka akalia, halafu akalia kweli, akamshika mkwe wake mkono.

"Rudisha, mwanangu," akasema. "Rudisha hapo anapokutukana."