Kilio cha Gego

Watu wanaokuja kunisikiliza huwa wanalilia jino. Hawajui, na hata wakiambiwa hawatakubali, maana mtu aliyekwisha kutoa machozi mbele ya wenzake hapendi kusikia kwamba ameyamwagia gego bovu la mtu mwingine.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa na wimbo wangu, niliutunga mwenyewe kwa gitaa, unaomwambia mtu aliyeondoka kwamba nyumba bado ni yake. Kila ubeti unaishia hapa: mlango sijafunga, ukifika usibishe hodi, ingia. Siku ya kuurekodi niliamka na gego la chini likinipwita, shavu limevimba, na kile chumba cha kurekodia kilikuwa na kiyoyozi kinachonipuliza usoni kana kwamba tuna ugomvi. Nilipofika kwenye "ingia" ya mwisho nikaachama ili niishike sauti ya juu, baridi ikazama kwenye tundu la jino. Sauti ikapasuka vipande viwili, ikafuatiwa na mguno kama wa mtoto aliyebanwa kidole na mlango. Nikashika shavu, nikaomba turudie.

Nyuma ya kioo meneja wangu alikuwa amesimama, mikono kichwani, macho yamelowa. Yeye hujiita Mlezi wa Vipaji, na jina hilo limeandikwa kifuani kwenye fulana zake zote. Mimi sijawahi kumwona akilea kitu zaidi ya kitambi.

"Usifute hiyo," alimwambia fundi mitambo. "Hapo ndipo roho ya mtu ilipotoka."

"Ni jino," nikasema.

"Mwanangu, usiyaonee aibu maumivu yako."

"Siyaonei aibu. Ni gego, la kushoto. Linahitaji kung'olewa."

Akamgeukia fundi, akatikisa kichwa kwa huruma. "Unaona? Anaficha."

Basi wimbo ukatoka na mguno wake, na watu wakaupokea kama wenye kiu. Redioni mtangazaji aliniuliza ni nani huyo aliyenivunja moyo. Kabla sijafungua mdomo Mlezi akajibu kwa niaba yangu kwamba nilikuwa na mchumba, akatoweka wiki ya harusi. Mtangazaji akashusha pumzi. Akina mama wakapiga simu kunipa pole, na mwanamume mmoja akapiga kutaka kuchukua nafasi ya mchumba. Mtu ambaye hajawahi kuzaliwa alipata hadi mrithi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini wao hawakuwahi kukutana na Mlezi. Yake ina lami.

Daktari wa meno alilitoa gego, na kwa haki kilio kilipaswa kuondoka nalo. Sauti yangu ikarudi nzima. Mlezi hakufurahi hata kidogo. Alinikalisha ofisini kwake mbele ya kioo, akanifundisha kupasuka.

"Usipasuke mapema," alikuwa akisema, kidole juu. "Wape nafasi ya kushika tishu."

Tishu aliziweka yeye mwenyewe, kiboksi kila meza, kabla ya kila onyesho. Na mimi, kichwa changu kikiwa kimeanza kuvimba kwa sifa kuliko shavu lilivyowahi kuvimba, nikapasuka. Nilipasuka kwenye kumbi, kwenye mahafali, mara moja kwenye uzinduzi wa duka la vigae. Watu wazima waliovaa vizuri walikuwa wakikaa kimya ubeti mzima wakisubiri kosa langu, na kosa likifika wanafumba midomo kwa viganja na kutazamana. Hawakuja kusikia muziki. Walikuja kujionyesha kwamba wana mioyo, na mimi nilikuwa kiberiti cha kuiwashia. Niliwadharau hadi kwenye vidole vya miguu, kisha nikainama kuwashukuru.

Mtu mmoja tu hakudanganyika, naye ni shangazi yangu. Ni dada yake baba, ndiye aliyenilea, na amefundisha kwaya za shule za msingi mpaka alipostaafu. Kwake muziki hauna mzaha. Mtoto aliyepasuka sauti katikati ya mstari hakugombezwa wala hakufarijiwa. Aliambiwa maneno mawili tu, rudi mwanzo, na kwaya nzima ikarudi naye. Yeye mwenyewe husikiliza akiwa amefumba macho. Anayesikiliza kwa macho, husema, anasikiliza nguo.

Siku moja nilimkuta jikoni anachambua mchele, redio imezimwa katikati ya wimbo wangu. Mwaka ule sikio lake la kushoto lilikuwa limeshafunga biashara, na la kulia lilikuwa linapungua. Nikazunguka upande wa kulia, nikamwamkia.

"Ule wimbo ni wa kaka yangu," akasema bila kuinua uso.

Alikuwa amesema kweli. Baba alikwenda kutafuta kazi mbali nikiwa na meno ya utoto, akazoea huko huko, na shangazi hakutia komeo kwenye mlango wa mbele mpaka nilipomaliza shule. Mchumba aliyebuniwa na Mlezi alikuwa amelala kwenye kitanda cha baba yangu, na mimi ndiye niliyemtandikia.

"Umeutunga vizuri," akaendelea. "Maneno yake yamesimama. Lakini pale mwisho unalia kama umekanyaga mwiba. Sauti ikipasuka ni ufa, binti yangu. Huzuni haihitaji ufa. Huzuni inataka pumzi."

"Ndicho watu wanachokipenda, Shangazi."

"Watu wanapenda hata ajali. Si wanasimama kutazama?" Akapeta mchele, akapuliza makapi. "Mimi sikio hili moja nimelibakiza. Daktari anasema nalo linaaga. Nataka niusikie wimbo wa kaka yangu mzima, wewe ukiuimba mbele ya watu, kabla halijaondoka. Baada ya hapo hata nikiwa kiziwi sijali."

"Njoo Jumapili," nikasema. "Kuna onyesho la mchana. Nakuahidi."

"Usiniahidi kama humaanishi."

"Namaanisha."

Na nilimaanisha. Nilikwenda kwa Mlezi nimejiandaa kwa vita, nimekusanya hoja zote mpaka za kuacha kazi. Nikamwambia shangazi yangu anakuja, na Jumapili ile sitapasuka. Nilitegemea povu. Akanipiga piga begani.

"Imba unavyotaka, mwanangu. Nani amekuzuia? Shangazi ni mama."

Nilipaswa kujua hapo hapo. Mlezi akikubali jambo upesi, jua ameshalipitia mlango wa nyuma. Lakini nilikuwa na furaha, na mwenye furaha hupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa akashukuru kwamba yanang'aa.

Jumapili shangazi alikuja na gauni la buluu la kufundishia, mkoba mapajani, akaketi mstari wa mbele huku sikio zima likielekea jukwaani. Mama mmoja jirani yake alimsogezea kiboksi cha tishu. Akakirudisha alikotoka.

Niliimba nyimbo nyingine kwanza, halafu ukafika ule. Shangazi akafumba macho. Ukumbi ukatulia kwa namna ninayoijua, nikaona mikono inatambaa kuelekea kwenye tishu, watu wazima wenye kazi na watoto wakijiweka tayari kulia kama wanaosubiri kupiga chafya. Nikawapuuza. Niliweka gitaa vizuri, nikashusha pumzi tumboni mahali pale shangazi alipokuwa akinigusa na rula nilipokuwa mdogo, nikaimba nikiutazama uso wake tu. Ubeti wa kwanza. Wa pili. Wa mwisho ulipofika nikaipandisha "ingia" taratibu, nikaifikisha juu, nikaishika hapo, nzima, ya duara, bila mkwaruzo. Tangu nianze kazi hii sijawahi kuimba vile. Nikaona shavu la shangazi linalegea, na tabasamu linaanza pembeni mwa mdomo wake. Nikamaliza sauti, nikafunga mdomo.

Spika zikalia.

Ulikuwa mguno wangu mwenyewe, ule wa gego, kutoka chumba cha kurekodia. Umekatwa, umesafishwa, umeongezwa mwangwi. Sauti ilipasuka vipande viwili juu ya vichwa vya watu, mtoto akabanwa kidole, na mimi nimesimama mbele yao midomo imebanana kama bahasha. Nikageuka. Pale kwenye mitambo fundi alikuwa bado na kidole kwenye kitufe, macho yanatazama chini. Nyuma yake Mlezi aliniinulia dole gumba.

Ukumbi mzima ulikuwa umefumbua macho, ukumbi mzima ukinitazama mdomoni, na ukumbi mzima ukalia. Hakuna hata mmoja aliyekunja uso. Yule mama wa tishu alipenga kamasi. Mwanamume mmoja alisimama kupiga makofi, wengine wakamfuata, na kama ningeshuka pale kwenda kunywa chai spika zikaendelea kulia zenyewe, nadhani wangezipigia spika makofi.

Katika watu wote wale aliyekuwa amefumba macho ni mmoja tu. Nilipomtafuta, tabasamu lilikuwa limeondoka. Akafumbua macho polepole, akaangalia mkoba wake, akasimama akatoka.

Nilimkuta kwenye korido ya nyuma, kando ya viti vibovu vilivyorundikwa, anajifunga kilemba upya. Nikazunguka upande wa kulia.

"Shangazi, si mimi."

"Uliniahidi."

"Nimeimba nzima. Ile ilikuwa mashine. Wameirekodi siku ya jino, wakaipiga nilipomaliza. Mdomo wangu ulikuwa umefungwa."

"Nimesikia sauti yako. Nitaacha kuijua sauti yako, mimi?"

"Ni yangu, lakini sikuitoa leo. Waulize watu, wote wameniona."

"Nimeshawauliza. Yule mama pale ndani ameniambia leo umelia kuliko siku zote." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Ungeniambia tu kwamba ndio mkate wako. Ningeelewa. Kwa nini ulinivalisha nguo nikatoka nyumbani?"

"Nisikilize basi hapa hapa. Ubeti wa mwisho. Hakuna spika, hakuna fundi."

Alinitazama kidogo. Kisha akasimama wima kama alivyosimama mbele ya kwaya zake zote, akafumba macho, akanigeuzia sikio.

Nikaanza. Korido ilikuwa na mwangwi mzuri na koo langu bado lilikuwa limechangamka. Mstari wa kwanza ukatoka safi, wa pili ukatoka safi, na kichwa chake kikaanza kuitikia kidogo kidogo. Mlango sijafunga. Nikauona ule mlango wetu usiotiwa komeo. Ukifika usibishe hodi. Nikaliona lile sikio, limezeeka, lina herene ndogo iliyochakaa, limenigeukia lote kwa ajili yangu, na nikajua kwamba sitapewa lingine. Nikafungua mdomo kwa "ingia", na kilio kikanikaba. Hakukuwa na gego wala kiyoyozi wala kioo cha Mlezi. Sauti ilipasuka vipande viwili, ukafuata mguno, pale pale, vile vile. Ilikuwa mara ya kwanza nimelia kweli ndani ya wimbo ule, na kilio kilifanana na cha jino kama pacha.

Mlango wa jukwaani ukafunguka upande wa kushoto wa shangazi. Mlezi akachungulia, macho yamelowa tena, fulana imembana.

"Hiyo, mwanangu. Hiyo hiyo. Ukinipa hiyo kesho, fundi hatakuwa na haja ya kubonyeza kitu."

Akarudi ndani.

"Umesikia alichosema?" nikamuuliza shangazi. "Umemsikia?"

"Nimesikia ya kutosha," akasema. Alikuwa bado ananitazama mimi. Hata hakuwa amejua kwamba mlango umefunguka.

Nilijifuta uso, nikavuta pumzi mpaka tumboni, nikasimama mbele yake mikono ubavuni, nikisubiri aniambie nirudi mwanzo. Angesema tu. Ningerudi mara zozote, ningerudi mpaka kesho. Shangazi akafunga zipu ya mkoba wake, akaniomba nimsindikize hadi barabarani.