Shingo ya Masudi

Mume wangu Masudi, dereva wa lori, alinunua vidonge vya kuzuia kutapika ng'ambo ya mpaka, Nakonde, akameza vinne kwa mpigo, eti foleni ya mpakani haimsubiri mgonjwa. Alasiri shingo ikapinda kulia, ikagoma kurudi. Wifi akasema ni jini, nikamwita Shehe Aziz aje amsomee. Shehe hakusoma. Aliuliza Masudi amemeza nini, akatupeleka zahanati.

“Vidonge vimezuia dopamini,” muuguzi Sekela alisema akimchoma sindano. “Ubongo una kemikali ya kukanyaga mafuta, ndiyo hiyo, na ya kushika breki. Ukivuruga moja, nyingine nayo inayumba, misuli inakaza.”

Dakika ishirini baadaye Masudi alinigeukia. Nikalia, kisha nikamgombeza.

Nje nilimuuliza shehe alijuaje.

“Mwaka jana yangu ilipinda kushoto,” alisema.