Programu Mbili, Kompyuta Moja

Zamzam, binti wa muuza nguo mjini Machakos, alikuwa ametunga programu ya kucheza sataranji kwenye kompyuta kuukuu iliyotupwa na ofisi fulani. Ilifikiri polepole kama ng'ombe anayecheua, lakini ilifikiri, naye aliipenda.

Mwaka wa 2001, Mwalimu Musembi, aliyesomesha hesabu, aliandaa mashindano ya programu za namna hiyo katika ukumbi wa kanisa. Kila mtu aje na kompyuta yake, akasema, na muda wa kufikiri uwe sawa kwa wote. Zamzam aliwashinda wengine akafika fainali. Huko alikutana na Njogu, fundi wa kompyuta kiwandani Athi River, aliyekuja na mashine mpya kabisa.

Mchezo haukuchelewa kuisha. Programu ya Zamzam iliiona hatari ikiwa imeshafika mlangoni. Watu wakapiga makofi, na Musembi akanyanyua kombe.

"Ngoja kwanza, Mwalimu," Njogu akasema. "Mashine yangu iko na mbio kushinda yake mara nyingi sana. Sijui kama nimeshinda mimi ama imeshinda mashine."

"Lakini sheria umeifuata."

"Nimeifuata. Bado sijui."

Zamzam alihisi uso ukimwaka. "Ndugu yangu, sitaki kuhurumiwa."

"Si huruma, dada. Tuweke programu zote mbili kwa kompyuta yako, zicheze kwa zamu."

Njogu alitoa disketi yake na kuitia katika ile kompyuta kuukuu. Wakangoja. Kioo kikaganda, wakaiwasha upya, kikaganda tena. Programu ya Njogu ilitaka memori ambayo mashine ile haikuwa nayo.

Zamzam alijua angeweza kukubali ushindi wa bure, kwani Njogu mwenyewe ndiye aliyeichagua kompyuta ile. Lakini mtu aliyekuwa tayari kuliacha kombe mezani hakustahili kulipoteza hivyo.

"Hapa wewe ndiye unaonewa," akamwambia. "Twende kwa yako, sote wawili."

Musembi alikubali. Zamzam akatia disketi yake katika mashine mpya, na kwa mara ya kwanza akaiona kazi ya mikono yake ikikimbia. Iliona mitego mbali, ikajibu mashambulizi, ikamtia Njogu jasho. Watu waliokuwa wameshika njia ya kwenda nyumbani wakarudi kuketi. Mwishowe programu yake ikatamani kete ya bure pembeni, ikamwacha mfalme peke yake, ikafungwa.

Zamzam akacheka. Kosa lilikuwa lake. Si la mashine. Ni yeye aliyeifundisha tamaa ile, na angeweza kuirekebisha.

"Sasa nimeshinda," Njogu akasema kwa sauti ya chini, akipokea kombe.

"Sasa umeshinda. Na mimi nimejua nilipokosea. Asante sana, ndugu yangu."

Njogu hakuondoka. Alivuta kiti, wakala pamoja sahani moja ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akimweleza jinsi alivyoifundisha programu yake kumlinda mfalme. Walipomaliza, Zamzam alimwendea Musembi, aliyekuwa akipanga viti.

"Muvea, Mwalimu," akamshukuru kwa Kikamba. "Mwaka ujao?"

"Mwaka ujao," Musembi akajibu, "wote watatumia mashine moja."