Jiko Ambalo Hatukulichora

Wote saba, Ketki! Wote saba wameliacha! Hebu weka hicho kikombe chini usije ukajimwagia, maana nimepanda ngazi za hosteli mbio na nisipolisema sasa hivi nitapasuka.

Jiko la Jekorba. Ndiyo, yule bibi mjane anayeishi chumba cha juu kwenye nyumba ya Bipinbhai, ile ya mji mkongwe yenye nguzo za msaji. Tulikwenda kuichora ile Jumapili ya Januari baada ya sikukuu ya kurusha tiara, mimi na kikundi changu cha michoro. Wewe ulikataa kuja, ukasema jua. Heri yako.

Si unaijua sheria ya kikundi: simu mkobani, chora unachokiona, papo hapo, mwisho andika tarehe na saa. Nikakaa juu ya paa la jirani na daftari langu la safari, lile nililozunguka nalo miji ya Bundi na Chanderi na Orchha. Nyumba imependeza kama bi harusi! Isipokuwa pale juu kabisa, mbele ya vikono vya mbao vilivyochongwa kasuku, kuna kibanda cha bati, ndilo jiko lenyewe, na madumu, na kamba ya nguo. Nikaliacha. Nikachora paa tupu, na njiwa wawili ambao hata hawakuwepo. Chini nikaandika kwa mbwembwe: "Kama nilivyoiona kwa macho yangu," tarehe, saa nne asubuhi, Toral.

Jekorba mwenyewe alitoka mlemle kwenye bati akatuletea chapati za uwatu na achari. Akachungulia daftari.

"Jiko langu liko wapi?"

"Halikukaa vizuri kwenye karatasi, Bibi."

"Limekaa vizuri juu ya paa miaka arobaini na moja, likakushinda wewe asubuhi moja?"

Tukacheka wote. Na yeye akacheka.

Halafu mimi na kiherehere changu nikamtolea Bipinbhai nakala, kumshukuru kwa chai. Akaitia fremu, akaitundika mlangoni. Nikajiona msanii kweli.

Sasa Bipinbhai anataka nyumba iwe ya wageni, watalii walale humo na kupiga picha wale kasuku. Jekorba hatoki. Mkataba wake wa zamani unamlinda, ila una kifungu: mpangaji akijenga chochote bila ruhusa, anaondoka. Na mvua za mwaka huu zilitoboa bati lake, akaweka jipya, linameremeta utadhani limejengwa jana. Bipinbhai akaona mwanya. Akaenda baraza la mtaa na fremu yangu kwapani. Januari, anasema, hapakuwa na kitu pale. Tazameni.

Majirani? Nyumba za kuzunguka zina makufuli, watu wamehamia ng'ambo ya mto. Waliobaki ni wanne. Wawili eti macho yao mabovu, na wawili ni shemeji zake Bipinbhai.

Jumatatu nikajipeleka barazani mwenyewe. Mwenyekiti ni Mzee Ramniklal, yule mwenye duka la vitambaa.

"Binti, umechora wewe hii?"

"Mimi, mzee. Lakini jiko lilikuwepo."

"Umeandika 'kwa macho yangu'. Macho hayo ulikuwa umeyaazima?"

Watu wakaangua kicheko.

"Niliona, mzee. Nililiacha tu kwa sababu lilikuwa baya."

Nyuma yangu nikamsikia Jekorba akikohoa kidogo. Ketki, natamani lile neno nilimeze.

"Sasa tukuamini ulipoandika, au unaposema?"

Ndipo nikaropoka. "Msiniamini mimi! Wenzangu saba walikaa paa lilelile, saa ileile. Nitawaleta na madaftari yao!"

Mzee akakubali. Jekorba akanishika mkono, akaubana, akaniuliza kama wenzangu ni watoto waaminifu. Nikamwambia sana.

Leo wamekuja. Sikufungua daftari hata moja kabla. Kwa nini nifungue? Nilijua mimi ndiye mpenda urembo peke yangu. Mzee akafungua la Mrunal: paa tupu. La Dhwani: paa tupu, na mwezi. Mwezi, saa nne asubuhi! La Parthiv: pale penye jiko ameotesha mwarobaini, mkubwa, na kivuli chake. Kila likifunguliwa, mwenyewe anaangalia viatu vyake. La saba lilipofungwa hakuna aliyekuwa anacheka tena.

Bipinbhai hakupaza hata sauti. "Watu wanane, mzee. Macho kumi na sita."

Basi. Mzee akakata shauri: bati lishushwe leo, na Jekorba awe ametoka kabla ya sikukuu ya Navratri. Mimi ndiye niliyeleta mashahidi, unasikia? Mimi.

Nikamfuata juu. Mafundi wawili walishaanza kung'oa, na yeye amehamishia jiko la mafuta chumbani, karibu na godoro, dengu inachemka. Amempigia mpwa wake wa Nadiad mara tatu, hapokei. Nikaanza kulia palepale.

"Usilie juu ya sufuria," akasema, "chumvi nimeshatia. Lete hilo daftari."

Nikadhani atalichana. Nikasema moyoni, alichane. Akafungua ukurasa wa kwanza, kile kisima cha ngazi cha Bundi.

"Hapa ulimtoa nani?"

"Hapa hakuna mtu, Bibi."

Akangoja. Nje bati linalia, kwaa, kwaa. Akangoja tu, na kidole juu ya ukurasa. Nikakumbuka. Kulikuwa na mzee kalala kwenye ngazi ya tatu, kajifunika gunia, na kopo la maji karibu na kichwa. Nilimzunguka na penseli.

"Alikuwa anaumwa?"

"Sijui, Bibi. Sikumuuliza."

Akageuza. Chanderi, lango la mawe. "Hapa?" Mama aliyekuwa anafua, na mtoto mwenye mguu mmoja. Orchha, ukuta wa kasri. "Hapa?" Wanawake walioanika samadi ya kuwashia moto ukuta mzima, nami nikauchora ukuta umetakata kama umeoshwa jana. Kila ukurasa, Ketki! Nililipenda daftari hili kuliko nguo zangu, na leo nimeogopa kugeuza kurasa zake.

Zimebaki kurasa kumi na tisa. Amechoka, mafundi nao walitaka kupita na mbao, akanifukuza nikale. Amesema nirudi asubuhi nimsaidie kufunga vyombo, na daftari nije nalo. Kwa hiyo usiniulize mengine sasa hivi. Kesho nikitoka kwake nitakuja moja kwa moja hapa kitandani kwako nikutajie wote niliowatoa kwenye kurasa zilizobaki, na kama mpwa wa Nadiad amepokea simu.